Kozi Iliyopimwa kwa Macho Wazi

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Baba alijipiga nyundo kwenye kidole gumba wiki iliyopita akipachika mlango mpya wa duka la dawa. Mama anasema kucha imekuwa nyeusi, baba anasema haimuumi, lakini tangu siku hiyo anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mama amepata kibanda chenye paa mbele ya kituo cha afya, vitambaa vyake havinyeshewi tena. Wote wanakusalimu na wanauliza goti la bibi.

Umenipigia simu mara nne tangu Jumatatu nami sikupokea. Usidhani sikujua ni wewe. Simu yangu hulitaja jina la mpigaji kwa sauti ambayo hata fundi bomba wa ng'ambo ya barabara anaisikia. Sikupokea kwa sababu kwenye simu unanishinda. Una sauti ya vikao. Unasema "tulitazame jambo hili kwa utulivu," nami natulia, kisha nikikata simu nagundua kwamba sikujibiwa. Kwa hiyo niandikie, na uniandikie kwa nukta nundu, kwa kibao na msumari tuliojifunzia mimi na wewe. Barua pepe ya chuo nimefungiwa. Hata isingefungwa, ningetaka kila neno lako lipite kwanza kwenye vidole vyako.

Jambo lenyewe ni hili: nimeshtakiwa kwa udanganyifu katika jaribio la Takwimu, mimi na mwenzangu ninayemwita Jirani. Ni kiziwi, fundi viatu, baba wa watoto wawili. Katika chumba cha kompyuta cha kituo chetu cha masomo yeye hukaa mashine ya tano, mimi ya nne. Kozi hizi za mtandaoni unazijua zilivyo: mhadhara ni video, grafu ni picha. Video hazina maandishi, kwa hiyo yeye huona mdomo wa mhadhiri ukipanda na kushuka bure. Picha hazina maelezo, kwa hiyo programu inayonisomea skrini ikifika kwenye grafu husema "picha" na kuendelea na safari, kama mtu aliyekuona njiani akageuza uso.

Mwezi wa kwanza kila mmoja alihangaika na lake. Mwezi wa pili tukaungana. Mimi nasikiliza mhadhara na kuuandika, yeye anausoma; yeye anatazama grafu na kuiandika, programu yangu inanisomea: "Nguzo ya tatu ni ndefu kuliko ya pili, inafika arobaini." Tulifanya hivyo muhula mzima, mchana kweupe, msimamizi wa kituo akipita nyuma yetu na funguo zake zikilia. Siku ya jaribio tukafanya vivyo hivyo. Hatukujificha, shangazi. Hatukujua kwamba ni kitu cha kufichwa. Mfumo ukabaini kwamba maandishi yanapita kati ya akaunti mbili, na tukasimamishwa wote.

Kamati ya Nidhamu itatusikiliza tarehe 21 Aprili, na adhabu ya juu ni kufukuzwa chuo. Barua ya mashtaka, iliyonifikia Jumatano, ina sentensi ambayo nimemwomba mama anisomee mara tano: "Kwa kuwa kozi hii ina Cheti cha Ufikivu, kinachothibitisha kwamba inatumika bila kikwazo na wasioona na wasiosikia, watuhumiwa hawakuwa na sababu yoyote ya kusaidiana."

Shangazi, cheti hicho hutolewa na kitengo cha chuo unachofanyia kazi. Nani alikitia saini?

Mtoto wa kaka yako.


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilichukua siku kumi na moja njiani, na mimi nikalowa na mvua nikienda kuichukua, lakini bahasha nilikuwa nimeificha ndani ya koti, haikupata tone. Mwambie kaka apake dawa hicho kidole na aache ubishi. Goti la bibi linavimba asubuhi na kupungua jioni. Amekataa fimbo, anasema fimbo ni za wazee. Sasa hivi ameniuliza ninatoboa nini kwa hasira kama mtu anayeua chawa. Nilipomwambia nakuandikia wewe, akasema basi nitoboe polepole, mtoto asiumie vidole.

Nimelisoma jambo lako kwa uzito linaostahili. Naamini, ingawa naweza kukosea, kwamba kamati haikutakii mabaya. Inatazama kanuni, na kanuni haiwajui watu. Nakushauri uandike maelezo mafupi, yenye tarehe, bila maneno makali. Kiri kwamba mlisaidiana. Eleza kwamba hamkukusudia kudanganya. Omba kufikiriwa kwa upole. Pengine pia lingekuwa jambo la busara kuomba shauri lako lisikilizwe peke yake. Mambo mawili yakifungwa kamba moja, lililo zito huzamisha jepesi.

Kuhusu cheti, elewa utaratibu. Kitengo hupokea kozi, kitengo huzipima kwa orodha iliyoidhinishwa, na cheti hutoka kwa jina la kitengo. Anayetia saini hufanya hivyo kwa niaba ya kitengo. Kutafuta mtu mmoja wa kulaumiwa hakutakusaidia mbele ya kamati, na huenda kukakudhuru.

Nakuombea subira.

Shangazi yako.


14 Machi

Shangazi,

Baba ameniuliza kama nimeanza na shikamoo. Nimeanza. Shikamoo.

Kucha imeng'oka. Kibanda cha mama kinavuja pembeni. Salamu zimekwisha.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nilifurahi kwamba vidole vyako havijasahau. Ya pili nilitafuta jibu. Ya tatu nilihesabu. Neno "kitengo" liko mara nne katika aya moja. Neno "mimi" liko mara moja katika barua nzima, na hapo ulikuwa ukilowa na mvua.

Acha nikueleze huo upole unaonishauri niuombe. Jumanne nilikwenda na Jirani kwa msimamizi wa kituo kuomba nakala ya cheti.

"Nakala ya nini?"

"Ya Cheti cha Ufikivu cha kozi ya Takwimu."

"Wewe utaisoma?"

"Atanisomea mwenzangu."

"Huyu asiyesikia ndiye akusomee?" Akacheka hadi kiti kikalia. "Nyinyi wawili mkijumlishwa ndiyo anapatikana mwanafunzi mmoja. Cheti chenyewe mtagawana?"

Jirani akanigusa kiwiko: anasemaje? Nikamwandikia kwenye simu yangu, neno kwa neno, bila kupunguza. Akaandika, na programu ikanisomea sikioni: "Mwambie yeye hata tukimjumlisha na kiti chake bado haitimii." Nikaangua kicheko. Msimamizi akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Anakusalimu."

Umesema shauri langu litenganishwe na lake. Nimelifikiria kwa siku nne nzima, maana wewe ndiye uliyenifundisha nisikatae wazo kabla sijalizunguka. Nimelizunguka. Linanuka. Katika swali la tisa mimi nilipata na yeye akakosa, ingawa grafu aliniandikia yeye. Mwizi gani huyo anayeiba jibu kisha anajaza jingine? Tulipeana swali, shangazi. Jibu kila mtu alitafuta lake. Na wewe unataka nimwachie kamba shingoni ili mimi niwe "jepesi."

Sasa nauliza maswali mawili, na nakuomba usiniletee utaratibu. La kwanza: kozi hii ilipimwaje? Nani alikaa, kwenye kiti gani, akafanya nini kwa mikono yake? La pili: ulianza kunipigia simu Jumatatu. Barua ya mashtaka niliipata Jumatano. Jumatatu ulikuwa ukijua nini?

Mtoto wa kaka yako.


2 Aprili

Shangazi,

Siku kumi na tisa hujajibu.

Nakala ya cheti imepatikana. Alitupatia mfagizi wa kituo, aliyeitoa kwenye kabati wakati msimamizi amekwenda kula, akaipiga picha na kuirudisha mahali pake. Jirani akaanza kuniandikia. Jina la kozi. Tarehe. Visanduku kumi na nane, vyote vimewekwa alama ya ndiyo. "Video zina maandishi": ndiyo. "Picha zina maelezo": ndiyo. Kisha akafika chini, kwenye saini, na kibodi ikanyamaza. Jirani huandika kwa kishindo, hajui kwamba kibodi ina kelele. Aliponyamaza chumba kizima kilisikia.

Kisha akaliandika jina lako. Akaongeza: "Ukoo wake ni kama wako."

Kikulacho. Siimalizii methali, unaijua.


9 Aprili

Mwanangu,

Sina salamu za kukupa leo ambazo hazitaonekana kama pazia. Bibi yu hai na anakupenda. Hayo yatosha.

Jumatatu ile orodha ya watuhumiwa ilipita mezani kwangu na jina lako lilikuwa la kumi na mbili. Nilikupigia ili nikuambie kabla hujasomewa. Au nilikupigia ili nijue kama umekwisha kujua. Nimejaribu kuamua ni lipi na sijaweza. Saini ni yangu.

Umeuliza nani alikaa kwenye kiti gani. Nilikaa mimi, kwenye kiti changu cha kila siku, ghorofa ya tatu, dirisha likiwa mgongoni. Zilikuwa kozi arobaini na mbili, na tulipewa siku tisa. Nilivaa vipokea sauti, nikawasha programu kama uliyonayo, nikaketi mbele ya skrini nikiwa nimefumbua macho. Programu ikasema "picha." Macho yangu yakaiona grafu, akili ikaunganisha, mkono ukatia alama ya ndiyo. Video niliisikiliza na kuielewa. Sikukumbuka kutafuta maandishi kwa sababu sikuyahitaji. Sikuliona pengo kwa kuwa nilikuwa nikiliziba mwenyewe, kila baada ya sekunde mbili, kwa siku tisa.

Ningeweza kusema ni haraka. Haraka ilikuwapo, na waliotupa siku tisa wanajua walichokifanya. Lakini mtu mwingine, asiyejua lolote kuhusu kutoona, angeuliza. Angemwita mwanafunzi mmoja akamkalisha kwenye kiti. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijihesabu kuwa najua. Ulipopoteza macho ukiwa na miaka tisa, nilijifunza nukta nundu wiki mbili kabla yako ili niweze kukufundisha. Ukoo mzima ulinisifu. Ofisini pia waliniita kwenye kazi hii kwa ajili hiyo: "Wewe una mtoto asiyeona, unaelewa." Nikaamini kwamba kujua kumwandikia asiyeona ni sawa na kujua kutoona. Wewe ndiye uliyekuwa cheti changu, mwanangu, nami sikukuuliza hata mara moja.

Jumamosi nilikwenda ofisini peke yangu. Nikafunika skrini kwa shuka, nikafumba na macho kwa kuwa sijiamini, nikafungua jaribio lenu. Saa moja iliisha nikiwa swali la sita. Katika hayo sita, mawili niliyajibu kwa kubahatisha. Nilitoka jasho kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Kisha nikafungua mhadhara wa kwanza, nikazima sauti, nikamtazama mhadhiri akisema kwa dakika arobaini, na nikamchukia, ingawa ni mtu mwema.

Nimeiandikia kamati barua ya kuondoa saini yangu. Nakala ninaifunga humu. Nimeeleza nilivyopima, bila kitengo. Nilikushauri umwache mwenzako. Ushauri ule ulikuwa wa mtu anayelinda meza yake, na nauonea aibu. Sijui kama naandika haya kwa sababu ni kweli au kwa sababu nataka unisamehe. Huenda ni yote mawili, na la pili linalichafua la kwanza. Lichukue hivyo hivyo lilivyo.

Shangazi yako.


25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wazima.

Walitukalisha mbele ya meza ndefu yenye kioo juu. Nilijua ni kioo kwa namna kalamu zao zilivyolia. Sauti zilikuwa tano, na moja haikusema neno hadi mwisho isipokuwa kukohoa. Mkalimani wa lugha ya alama hawakuleta. Shauri la kiziwi, kuhusu kozi isiyofikika kwa kiziwi, na mkalimani hawakuleta. Nikaitoa simu nikaanza kumwandikia Jirani yanayosemwa.

Mwenyekiti akakatiza. "Binti, unaandika nini hapo?"

"Nafanya kosa ninaloshtakiwa nalo."

"Usituletee kiburi."

"Basi nani amweleze mwenzangu mnachomshtaki? Nyinyi?"

Wakanong'onezana. Wakaniruhusu niendelee. Shangazi, waliniruhusu! Kwa saa nzima nilitenda udanganyifu mbele ya Kamati ya Nidhamu, kwa idhini yake, na imeingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Barua yako katibu aliisoma yote. Alisoma vizuri, sikatai. Alipomaliza, mwenyekiti akauliza, "Huyu mwandishi si shangazi yako?"

"Ndiye."

"Ndugu wa baba yako, tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Basi tunaelewa. Damu nzito kuliko maji." Na nikasikia kalamu ikipiga mstari.

Nikamwuliza, "Na alipotia saini kwenye cheti, mheshimiwa, alikuwa nani yangu?"

Mtu mmoja akamimina maji kwenye glasi. Saini yako ina nguvu ukisema uongo. Ukisema kweli, wewe ni ndugu yangu tu.

Wakati wa mapumziko katibu alinifuata kwenye ukumbi wa nje. Akaniambia kwa sauti ya mjomba, "Mwanangu, sema tu kwamba yule bwana alikuomba nawe ukamwonea huruma. Wewe utapita." Nikamwambia anisubiri kidogo, nikamwandikia Jirani maneno hayo, nikamgeuzia simu katibu aone nilichoandika. Akaondoka. Viatu vyake vina kisigino kimoja kilicholegea. Jirani alikitambua kwa macho, mimi kwa masikio.

Uamuzi: hatukufukuzwa. Matokeo yamefutwa. Tutafanya jaribio la marudio tarehe 20 Juni, kila mmoja chumba chake, kwenye kozi ile ile, kwa kuwa ina cheti. Tukikosa kulifanya au tukishindwa, turudie mwaka mzima.

Barua yako ilikuwa ya kweli. Imechelewa muhula mmoja. Nasema yote mawili kwa sababu yote mawili yamo, na sitaki uchague moja.

Mtoto wa kaka yako.


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Bibi alianguka bafuni, hakuvunjika, sasa fimbo anaikubali lakini anaiita "mwiko." Ameomba nikuandikie hivyo hivyo.

Lililotokea huku ni hili. Kozi haiwezi kufunguliwa kwa muhula mpya bila cheti kipya, na cheti cha Takwimu kimeletwa tena mezani kwangu. Nimeifungua kozi skrini ikiwa chini ya shuka. Hakuna kilichobadilika, hata picha moja. Nimekwenda kwa mkuu wa kitengo na orodha ya mapungufu, kurasa saba.

"Mafundi wako kwenye mfumo wa usajili," alisema. "Weka saini, tutarekebisha baadaye."

"Baadaye lini?"

"Mama, kozi hiyo ina wanafunzi mia nne. Unataka kuwafungia lango mia nne kwa ajili ya wawili?"

"Wawili hao wamefungiwa tangu mwaka jana."

"Ndiyo, lakini mmoja ni wako. Watu watasema nini?" Akanisogezea kalamu yake mwenyewe, kwa adabu kabisa. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, ile adabu. Nilijitambua ndani yake.

Fomu ina sehemu mbili. Ya juu: nimethibitisha. Ya chini: sijathibitisha, na chini yake mistari mitatu ya kuandika sababu. Natakiwa kuirudisha tarehe 12 Juni. Nikitia saini, kozi itafunguliwa, nanyi mtafanya marudio tarehe 20. Mtayafanya kipofu na kiziwi, kila mmoja peke yake, kwenye kozi iliyowashinda. Lakini najua akili yako, huenda ukapita. Nisipotia saini, kozi itafungwa hadi itengenezwe, tarehe 20 itapita, na kwa mujibu wa uamuzi wa kamati mtarudia mwaka. Nimeuliza kama tarehe inaweza kusogezwa. Haisogezwi.

Nimefikiria kutia saini yenye masharti. Nimefikiria kujiuzulu, lakini nikijiuzulu atakuja mwingine na kuiweka kabla chai haijapoa. Kila njia ninayoitazama naona upande wake wa pili, na sasa siuamini utazamaji wangu. Mara ya kwanza niliamua juu yenu bila kuwauliza. Sitaki kurudia. Kwa hiyo nauliza: nisaini, nisisaini?

Shangazi yako.


4 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie bibi mwiko haujawahi kumsimamisha mtu, ila wake nauheshimu. Baba ameniuliza kwa nini siku hizi barua zako nazisoma nimesimama. Nimemweleza yote, tangu Februari. Aliendelea kupiga msasa ubao ule ule. Kisha akasema, "Dada yangu amesema mwenyewe kwamba alikosa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi jibu barua yake."

Barua yako ilinikasirisha kuliko zote. Miezi minne nimekulilia uniulize, na siku uliyouliza umenitupia kalamu nikiwa nimeshika mwaka wangu mkononi. Unaniuliza kama mpimaji au kama mtu anayetafuta wa kubeba naye? Sikuambii unijibu. Huenda hujui, na nimeanza kuamini kwamba unaposema hujui, kweli hujui.

Nilikwenda kwa Jirani kwenye kibanda chake cha viatu. Nikamsomea, yaani nikamwandikia, barua yako yote. Akaandika bila kusubiri: "Asaini."

Nikaandika: "Kozi ni ile ile."

"Nina watoto wawili. Mwaka ni mwaka."

"Utapita bila kusikia hata mhadhara mmoja?"

"Nimepita mangapi bila kusikia?"

Tuligombana hadi simu ikaisha chaji. Umewahi kuona ugomvi wa watu wanaongojana zamu ya kibodi moja? Mke wake alituletea maji akadhani tunaandika barua ya mapenzi, akayarudisha. Kwa siku mbili Jirani hakuja kituoni. Nilikaa mashine ya nne nikisikia mashine ya tano ilivyozimwa, nikafikiri: nikimjibu shangazi asisaini, nitakuwa nimemfanyia Jirani kile kile alichonifanyia shangazi. Nikaandika jibu la "ndiyo" nikalichana. Nikaandika la "hapana" nikalichana pia.

Siku ya tatu alikuja. Hakunigusa kiwiko kama kawaida. Aliketi, akaandika moja kwa moja, kwa kishindo chake, kwamba amebadili mawazo; maneno yake nitakupa mwishoni.

Kuhusu wale mia nne, mwambie mkuu wako hivi, haya ni yangu: lango likifungwa kwa mia nne, watalifungua ndani ya wiki mbili, utaona mafundi watakavyotoka kwenye mfumo wa usajili mbio. Likifungwa kwa wawili, wamelizoea. Na saini yenye masharti usiilete; masharti hayasomwi, saini ndiyo inayosomwa. Kujiuzulu pia usijiuzulu. Kaa hapo hapo kwenye kiti chako, na shuka lako.

Usisaini. Hilo ni langu na lake. Tutapoteza mwaka, nasi tutakukasirikia kwa mwaka huo, kila Jumatatu tutakapofungua somo tulilokwisha kulisoma. Usiombe tuache.

Umesema fomu ina mistari mitatu ya sababu. Sababu aliyoandika Jirani hii hapa, sikuongeza wala kupunguza, nawe usipunguze: "Mwambie mwaka wangu sikuutoa. Umechukuliwa. Aandike pia ni nani aliyeuchukua."

Mistari mitatu inatosha. Naituma kwa basi la kesho asubuhi.

Mtoto wa kaka yako.